Shangazi, mume wangu anasema kila mara nilimkatiza kwa andiko

Shangazi, Bwana asifiwe.

Nina miaka 41, nimeolewa miaka 16, tuna watoto watatu. Ninaandika usiku wenzangu wakiwa wamelala, maana mchana sina pa kuyasemea haya. Huenda ukashangaa. Kanisani kina mama wananiita Mama Shukrani, na huyohuyo Mama Shukrani hana mtu wa kumwambia.

Nianzie kwa mama yangu mzazi. Alikuwa mtu wa kulalamika tangu jogoo la kwanza. Mvua ikinyesha analia na tope, jua likiwaka analia na vumbi. Baba alimchoka, nasi watoto tulimchoka, na nilipoolewa nikaja kugundua kwamba mdomo wake nimeurithi mimi. Miaka mitano iliyopita mume wangu aliniambia, kwa upole tu, "Mke wangu, hebu siku moja nirudi nikute kuna kitu kimoja kilichokwenda vizuri." Nililia. Jumapili ile ile mahubiri yalikuwa 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Kesho yake nikanunua daftari. Kila usiku naandika mambo matano ya kumshukuru Mungu. Sasa niko daftari la saba. Shangazi, asije mtu kuniambia daftari hilo halikunisaidia. Lilinitoa shimoni, na mume wangu alikuwa wa kwanza kukiri kwamba amepata mke mpya.

Baadaye nikaliingiza jambo hili mezani. Kabla ya kula chakula cha jioni kila mtu anataja mambo matatu ya shukrani. Kisha nikaanza kusikiliza mafundisho ya nguvu ya ulimi, yaani kwamba unalolitamka ndilo litakalokupata, nikaweka kopo juu ya kabati. Atakayetamka neno la kutoamini, kama "siwezi", "hatuna", "naumwa" au "naogopa", anatumbukiza sarafu, anasema "nafuta hilo neno kwa jina la Yesu", halafu anakiri kinyume chake. Mwanzoni watoto walicheka sana. Kopo likijaa tulikuwa tunapeleka sadaka.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, zamu ilipomfikia mwanangu wa mwisho, wa miaka tisa, alisema, "Namshukuru Mungu sikio langu limeacha kuuma." Tukaitikia Amina, tukaenda kwa mwingine. Sikumuuliza limeanza kuuma lini. Asubuhi natandika kitanda chake nikakuta foronya imegandamana kwa usaha, inanuka. Daktari alisema ngoma ya sikio imetoboka, na kwamba ndiyo sababu maumivu yalikatika ghafla: usaha ulikuwa umepata njia. Akaniuliza, "Siku zote hizo mtoto alikuwa hasemi?" Njiani nikamuuliza mwanangu kwa nini hakuniambia. Akasema, "Sikuwa na sarafu, mama."

Usiku ule nilimsimulia mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi. Hakunilaumu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema na yeye ana jambo. Alimdhamini mdogo wake mkopo. Mdogo wake ameshindwa kulipa, na sasa ni mwezi wa saba wanakata kwenye mshahara wa mume wangu. Ili nisigundue, amekopa kwa watu wengine wawili kuziba pengo. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akajibu, "Nilianza kukuambia mara tatu. Mara zote ulinikatiza kwa andiko." Mara moja ninaikumbuka. Alisema, "Mwaka huu naona mambo yatabana," nami nikamziba mdomo kwa kiganja huku nacheka, nikasema, "Baba, sisi tunakiri wingi!"

Tangu siku hiyo kopo nimeliingiza ndani ya kabati. Mezani tunataja shukrani kwa sauti ndogo, kama watu wanaosoma wasichokielewa. Ninaogopa pande zote mbili. Nikiacha, nitarudi kuwa mama yangu. Nikiendelea, sijui nyumba hii inanificha nini kingine. Halafu kuna lile neno la Hesabu 14:28, kwamba kama tulivyonena masikioni mwa Mungu ndivyo atakavyotufanyia. Nikifungua kinywa niseme "tuna madeni", sitakuwa nimeyapa madeni nguvu?

La mwisho. Wiki tatu zijazo natakiwa kufundisha kwenye semina ya kina mama, na somo nililopewa ni "Ulimi wa Shukrani". Nisimame niseme nini? Nikijitoa wataniuliza sababu. Nikisema ukweli nitamvua nguo mume wangu mbele za watu. Nikifundisha kama kawaida yangu, nitakuwa nafundisha kitu ambacho kimetoboa sikio la mwanangu.

Mama Shukrani

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilisimama palepale: "Sikuwa na sarafu." Sitaki kulipita haraka, na najua wewe hujalipita, ndiyo maana uko macho usiku wa manane.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, ili kama nimekosea unirekebishe. Ulikuwa umezama katika manung'uniko, shukrani ikakuokoa, na kwa kuwa ilikuokoa ukaitaka iwaokoe na wa nyumbani mwako. Mahali fulani njiani ikageuka sheria, na sheria ikawa na faini. Sasa umegundua kwamba watu wawili unaowapenda walikuwa wanabeba maumivu kimya chini ya paa moja na wewe, nawe unajiuliza kama ni imani yenyewe iliyofanya hivyo. Juu ya hayo kuna mimbari inayokungoja.

Kuhusu daftari, mimi sitakuwa yule mtu unayemwogopa. Linasaidia, na si wewe peke yako uliyeliona hilo. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo watu waliandika mara moja kwa wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Baada ya wiki kumi walikuwa na mtazamo mwema zaidi juu ya maisha yao kuliko wenzao walioambiwa waandike kero. Lakini angalia: hakuna aliyewakataza kuwa na kero. Na mtafiti mwingine wa hukohuko, James Pennebaker, mwaka 1986 aliwaambia wanafunzi waandike mambo machungu kabisa ya maisha yao, dakika 15 kwa siku, siku nne. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Sikuletei haya yachukue nafasi ya Neno. Nakuletea kwa sababu barua yako inazungumza kana kwamba kinywa kina mlango mmoja tu: ama shukrani ipite, ama uchungu upite.

Hilo ndilo ningependa tulitazame pamoja. Nani alituambia kwamba kutaja tatizo ni kulikiri? Neno "kukiri" siku hizi limebebeshwa mzigo mkubwa. Twende kwenye hilo andiko la Hesabu linalokunyima usingizi, ila tuanze mlango mmoja nyuma. Wapelelezi 12 walirudi na taarifa ya miji yenye maboma na watu warefu. Yoshua na Kalebu hawakusimama kusema hakuna maboma, wala hawakumwambia mtu afute neno. Waliyaona maboma yaleyale, wakasema msiogope, Bwana yu pamoja nasi. Na waliohukumiwa hawakuhukumiwa kwa kuhesabu majitu. Walisema afadhali tungefia Misri, tujichagulie kiongozi, turudi. Musa anapolikumbushia jambo hilo katika Kumbukumbu la Torati 1:27 anasema walinung'unika hemani mwao. Hemani, mwanangu! Walimsema Mungu kwa kona, kama tunavyomsema jirani. Sasa mweke mtu huyo karibu na mwenye Zaburi ya 13, anayeanza na "hata lini" na kumwambia Mungu usoni kwamba amemsahau. Yule wa hemani amempa Mungu kisogo. Huyu wa zaburi amemshika Mungu kanzu.

Karibu theluthi ya zaburi zote 150 ni vilio vya namna hiyo. Ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari wa ushindi mwishoni. Nimewahi kuwaza kwamba kwa sheria ya kopo lako Daudi angefilisika (unisamehe utani huu). Paulo naye asingebaki na kitu: anamshauri Timotheo kuhusu tumbo na magonjwa yake ya mara kwa mara, anaandika kwamba Trofimo amemwacha Mileto akiwa mgonjwa, anawaambia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Ni Paulo huyuhuyu aliyeandika "shukuruni kwa kila jambo".

Na hilo "kwa kila jambo" nalo lina kisa chake. Katika Kiyunani cha Wathesalonike neno lililotumika pale ni lile la "katika" kila jambo. Najua utanikumbusha Waefeso 5:20, "kwa mambo yote", nami sitajifanya mstari huo haupo. Ni mgumu, na wakristo wameufikiria kwa karne nyingi. Ila sijaona popote ambapo mtume anamwambia mama ashukuru kwa usaha badala ya kumpeleka mtoto hospitali.

Lakini andiko linalonigusa zaidi katika shauri lako ni Yohana 11. Yesu anasema kwanza Lazaro amelala. Wanafunzi wakadhani amelala usingizi, basi atapona. Ndipo akawaambia waziwazi: Lazaro amekufa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutotamka neno "amekufa" siku ile, ni yeye, kwa kuwa alijua anachokwenda kufanya. Alilitamka. Alipofika akalia machozi, na mistari michache mbele, akiwa mbele ya kaburi la Lazaro, akasema, "Baba, nakushukuru." Yote yamo katika sura moja, na kinywa ni kimoja.

Nikurudishe sasa kwa mama yako. Unasema ukiacha utakuwa yeye. Nina swali: ni kusema kwake ndiko kulikowachosha, au ni kwamba alisema miaka yote na hakuna aliyewahi kukaa akamsikiliza mpaka mwisho? Sijui. Pengine alikuwa na hulka hiyo tu, wapo watu wa namna hiyo. Lakini ninyi watoto mlimchoka, baba alimchoka, na mtu aliyechokwa huendelea kulia na tope kwa sababu la moyoni hakuna anayeliuliza. Lifikirie, kwa sababu hofu ya kufanana naye ndiyo iliyolipandisha kopo juu ya kabati, na inawezekana dawa uliyojitengenezea haikuwa ya ugonjwa wenyewe.

Kuna dhana nyingine kwenye barua yako nataka kuigusa kwa upole. Umejitwika lawama yote. La mtoto, ndiyo, ni lenu wazazi, na umelibeba. La mume wako lina sura mbili. Ni kweli alianza mara tatu ukamkatiza, na sentensi yake ile inauma kwa sababu ina ukweli. Lakini kumdhamini ndugu yake bila kukushirikisha kulitangulia kukatizwa huko, na kukopa kwa watu wawili wengine aliamua mwenyewe. Nguvu ya ulimi wako haikusaini karatasi za benki. Nakwambia hivi si ili uende ukamrudishie lawama usiku huu. Nahofia tu kwamba ukiomba msamaha kwa yote, mazungumzo yataishia kwenye machozi yako, yeye atakubembeleza, na lile deni litabaki bila kuzungumzwa kwa mara ya nne.

Kwa hiyo njia ziko kadhaa, na hakuna isiyo na miiba.

Unaweza kuanza na mume wako, kabla ya meza, kopo na semina. Mwombe akueleze tena tangu mwanzo, nawe ukae bila andiko, bila "tunakataa", hata bila kusema "Mungu atafanya njia" ingawa unaamini atafanya. Itakuwa kazi ngumu kwako kuliko kufunga siku tatu. Nakuelewa, maana nimewahi kumkatiza mgonjwa kitandani. Aliniambia, "Naogopa," nami nikamjibu upesi, "Usiseme hivyo, mpendwa." Akageuza uso dirishani, akaniuliza habari za mvua. Sikupata tena nafasi ya kusikia anaogopa nini. Hatari ya njia hii ni kwamba unaweza kusikia zaidi ya ulichokitarajia: kiasi ni kikubwa kuliko alivyosema, au hasira ambayo ameiwekea kifuniko miaka. Ukiona anasema maneno ya kutotaka kuishi, hapo msikae wawili tu, tafuteni msaada siku hiyohiyo. Na mkishafika kwenye hesabu zenyewe, andikeni kila deni na tarehe yake, mwende kwa wanaodai kabla wao hawajaja kwenu. Mdogo wake naye aitwe aketi mezani.

Upande wa watoto, unaweza kulivunja kopo hadharani na kuwaomba radhi. Lina uzuri wake. Mtoto aliyesikia mzazi akisema "nilikosea" halisahau. Lakini wale wakubwa wawili, ambao hukutuambia umri wao, wanaweza kuona kwamba imani ya mama ni kitu cha msimu, leo kinatangazwa na kesho kinatupwa. Au unaweza kuibakiza meza ya shukrani na kuongeza nafasi ya kila mtu kutaja jambo moja lililomlemea siku hiyo. Hili wengi hulipenda, nami nalipenda kidogo kwa tahadhari. Wewe ni mtu wa kuweka utaratibu, na utaratibu mpya unaweza kuwa kopo jingine lisilo na sarafu: mtoto wa miaka tisa atabuni la kumlemea ili asipitwe na zamu. Pengine huyo mdogo hahitaji zamu. Anahitaji umkute anafunga kamba za viatu, umuulize, umngoje. Siku ya kwanza anaweza asiseme kitu. Muda mrefu kusema kumekuwa na gharama.

Kisha semina. Uliziorodhesha njia tatu, na kila moja umeifunga mwenyewe kabla hujaijaribu. Ukijitoa watakuuliza sababu, umesema. Waulize, na "nina jambo la nyumbani ninalolishughulikia" ni jibu kamili, ingawa najua baadhi ya kina mama wetu hawatalala mpaka wamejua ni jambo gani. Ukifundisha kama zamani, pengine utafundisha vizuri sana, na hapo ndipo ningekuonea huruma, kwa sababu katika ukumbi ule lazima awepo mama mmoja ambaye mumewe naye ameanza mara tatu. Ukisema ukweli, tenganisha: la daftari, la mama yako na la kopo ni lako, una haki nalo. La deni si lako peke yako, na mwenyewe anaweza kukuambia sema, sema nusu, au nyamaza. La sikio ni la mtoto, naye ana miaka tisa, shuleni wenzake watasikia. Mwombe ruhusa, na akikataa, amekataa. Kuna pia njia ya nne ambayo hukuitaja: kumwendea anayeongoza semina faraghani, umwambie somo ulilopewa umelikuta lina sehemu ambayo bado unajifunza, mwone pamoja kama ni mwaka huu au mwingine. Hatari yake ni kwamba anaweza naye kukukatiza kwa andiko. Wapo.

Jina la Mama Shukrani usilivue kwa haraka. Hukulipata kwa uongo. Ila ningependa kujua kitu kimoja: katika madaftari yako saba, kuna ukurasa hata mmoja ulipoandika "Bwana, leo sina"? Marko 9 kuna baba aliyemletea Yesu mtoto mgonjwa tangu utoto. Akaombwa aamini, akapaza sauti akasema anaamini, na pumzi ileile akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Hakuambiwa afute nusu ya pili. Mtoto aliponywa.

Barua yako ni ndefu na umejieleza vizuri. Nimelijua kopo lilipo sasa, nimejua semina ni lini, nimejua hata kiatu kilikuwa mkononi mwa nani. Lakini sikio la mtoto linaendeleaje leo, hukuniambia. Ngoma nyingi za watoto hujifunga zenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi michache, ila maji yasiingie kwa sasa, na daktari alitazame tena, ampime na usikivu. Mmesharudi? Niandikie unijulishe.